Fimbo Iliyoandikwa Silaha

Vijana, mmenitumia ujumbe kwamba mnataka maneno ya hekima kutoka kwa mstaafu, yasomwe siku ya mwisho ya mafunzo yenu pale ukumbini Bagara, kabla ya soda na picha ya pamoja. Hekima kaitafuteni kanisani. Mimi nina hasira, na kwa kuwa nimeshastaafu hakuna tena wa kuniandikia barua ya onyo, kwa hiyo nitaimwaga yote hapa. Soda zitasubiri.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Deo wa Nangara. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekusanya habari za maandamano, migomo, ugomvi wa ardhi na vurugu za uchaguzi katika mkoa huu na mikoa jirani, kwa ajili ya taasisi moja ya takwimu ambayo sitaitaja. Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Jambo limetokea. Unatafuta nani kafanya, kamfanyia nani, wapi, lini, na nani kasema. Halafu unalipatia jambo hilo aina yake: haya ni maandamano ya amani, hizi ni ghasia, haya ni mapigano ya silaha. Kila tukio linapata mstari wake kwenye kompyuta. Mistari ikishakuwa mingi, mtu aliyekaa mbali anaigeuza kuwa ramani yenye vidoti vyekundu, na mtu aliyekaa mbali zaidi anaitazama ramani hiyo na kutoa uamuzi. Kidoti kimoja kati ya hivyo ndicho kinachonipandisha presha mpaka leo.

Aliyenifundisha alikuwa Mwalimu Akonaay, Mungu amrehemu, aliyefundisha jiografia hadi chaki ikamkinai. Tulikuwa na chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, chenye meza, redio, mkasi na chupa ya gundi. Magazeti yalifika na basi la Arusha, wakati mwingine yakiwa yameloa mchuzi wa abiria. Tuliyakata, tukayabandika, tukayabishania. Nikimpelekea habari hakuniuliza imetoka gazeti gani. Aliuliza, "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Mwalimu."

"Aliyeandika alikuwepo?"

"Sijui."

"Basi andika hujui. Ni Kiswahili fasaha kabisa."

Nilimchukia kwa hilo miezi ya mwanzo. Nilikuwa mdogo, nimesoma, nataka kujaza nafasi zote. Nafasi tupu kwangu ilikuwa aibu, kama kumwandalia mgeni sahani isiyo na mboga. Yeye aliniambia nafasi tupu ni jibu, na mtu anayejaza kwa kubahatisha ni mwongo mwenye mwandiko mzuri.

Hebu niwape moja la kazi, nisije nikaitwa mama wa malalamiko tu. Ukipiga simu kijijini ukauliza walioandamana walikuwa wangapi, utajibiwa "watu wengi". Wengi ndiyo wangapi? Kwa mtu aliyezoea mnada, wengi ni wale ambao huwezi kupita katikati yao. Kwa mtu wa shambani, wengi ni ukoo wa jirani. Mwalimu alinifundisha niache kuuliza idadi ya watu, niulize vitu. Bodaboda ziliegeshwa kuanzia wapi mpaka wapi? Mama ntilie alipika sufuria ngapi, na ziliisha saa ngapi? Mtendaji atakupunguzia watu, mwanasiasa atakuongezea, lakini sufuria haina chama. Tangu siku ile mama ntilie wote wa barabara hii wamekuwa rafiki zangu, na mwili huu mnaouona ni ushahidi.

Jingine. Uchaguzi mmoja ulikuwa umeshapita, ikatufikia picha ya wanaume wawili wamekabana shambani Mutuka, kila mmoja amevaa fulana ya chama chake. Makao makuu walishaandika: wafuasi wa vyama viwili wapigana. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Nikapanda bodaboda. Niliwakuta watu hao wamekaa pamoja wanakula ugali, mtu na shemeji yake, waligombania mpaka wa mahindi na mke wa mmoja wao alishawaamua. Jamani, fulana za uchaguzi kwetu ndizo nguo za kulimia. Kitu kimegawiwa bure, kizito, kina mikono, nani atakiacha? Nikamuuliza yule mfupi kama yeye ni wa chama kilichoandikwa kifuani mwake.

"Hii?" akasema. "Hii kanipa huyuhuyu shemeji. Yangu ilichanika."

Mwalimu alipiga simu makao makuu siku hiyohiyo. Sauti yake ilisikika mpaka dukani chini. Mstari ule ulifutwa kabla haujafika kwenye ramani, na mimi nikadhani mambo huenda hivyo siku zote, kwamba ukikosewa unapiga kelele na unarekebishiwa. Mwalimu alifariki, nikabaki mwenyewe, ndipo nikajua kumbe ilikuwa sauti yake.

Sisemi muandike kwa huruma. Hapo nisikilizeni vizuri, maana najua mtaondoka mkisema mama yule alitaka tuwapendelee wananchi. Nimewahi kumfukuza sebuleni kwangu mtu wa ukoo wetu aliyekuja kuniomba niongeze marehemu kwenye ugomvi wa malisho, ati serikali ipate kuwasikia. Nilimwambia mfu mmoja anatosha kuliliwa, hahitaji wenzake wa kubuni. Mwongozo wetu ulisema vyanzo vikitofautiana kuhusu waliokufa, andika idadi ndogo, na nilikubaliana nao na bado nakubaliana. Kanuni ni kitu kizuri. Ninachokasirikia ni kanuni inayoshikwa na mtu asiyetaka kuinuka kwenye kiti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Kuna kijiji nje ya mji, upande wa barabara ya Singida. Sikitaji kwa sababu wenyewe bado wanaishi hapo. Mwekezaji mmoja alipewa shamba, akalizungushia uzio, na ndani ya uzio ikaingia njia ya mifugo ya kwenda bwawani. Njia hiyo ng'ombe waliijua kabla ya yeye kuzaliwa. Wazee walikwenda kwa mtendaji, wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri mpaka kiangazi. Asubuhi moja wakaamua kwenda wenyewe getini kuongea na meneja, na kati yao alikuwa Mzee Gidamis, Mbarbaig, ambaye mkewe ameniletea maziwa tangu Deo akiwa mchanga. Mzee ana nyonga mbovu. Fimbo yake ilikuwa ya mti mgumu, imeng'aa mahali alipoishika kama kitasa cha mlango wa kanisa.

Nisikilizeni ninyi mliotoka mbali. Huku kwetu, awe Mbarbaig au Mmbulu, mwanamume mzima hatoki nyumbani bila fimbo. Anakwenda nayo mnadani, msibani, hospitali, hata kwenye komunyo. Anaegemea, anafukuzia mbwa, anaonyeshea njia. Kumkuta mzee hana fimbo ni kumkuta hana viatu, utamuuliza kulikoni. Na akija mahali kwa ajili ya mazungumzo, anailaza chini mbele yake, kwa sababu maneno hayasemwi mkono ukiwa umeshika kitu.

Ndivyo walivyofanya. Walilaza fimbo zao mstari mmoja nje ya geti, wakakaa nyuma yake. Mama Happy, anayeuza chai na maandazi kwa vibarua wa shamba lile, aliwahudumia mpaka chupa zikaisha. Walikaa asubuhi nzima. Meneja hakutoka. Aliyekuja ni gari la askari, na wazee wakatawanywa kwa virungu wakiwa bado wameketi. Mzee Gidamis alipigwa kwenye nyonga ileile. Kisha fimbo zikaokotwa pale zilipolala, zikarundikwa nyuma ya gari, zikapigwa picha. Zikaitwa vielelezo. Kesi yenyewe haikufunguliwa kamwe, lakini vielelezo vilikwenda kituo cha polisi.

Gazeti likatoka na ile picha ya rundo la fimbo, na chini yake maneno kwamba kundi lenye silaha za jadi limevamia shamba. Mwandishi hakuwepo. Mwandishi alikuwa mjini, akapigiwa simu na mtu wa shamba, akaandika alichosomewa.

Wiki hiyo mimi nilikuwa Dareda, tunamzika dada yangu. Mstari ukaandikwa makao makuu na Kelvin, kijana wa Dar, mpole, mwenye adabu, aliyekuwa akinisalimia shikamoo kwenye simu kabla hata sijasema haloo. Aliandika: ghasia, kundi lenye silaha, uvamizi wa mali. Niliporudi na kuuona nilimpigia.

"Kelvin mwanangu, fimbo si silaha."

"Pole na msiba, Mama. Mwongozo unasema silaha ni chochote kinachoweza kumdhuru mtu."

"Hata sufuria inaweza kumdhuru mtu."

"Sufuria haijatajwa kwenye gazeti, Mama."

"Walikuwa wamezilaza chini, Kelvin."

"Gazeti halijasema."

"Mimi ndiye ninayesema."

"Mama, wewe ulikuwa msibani. Hukuwepo."

Mnaona? Kijana alinipiga kwa swali la Mwalimu wangu mwenyewe, na alikuwa sahihi. Sikuwepo. Nikasema sawa, nitakwenda kwa aliyekuwepo. Nikaenda kwa Mama Happy, nikanywa chai yake mbaya yenye tangawizi kupita kiasi, nikaandika kila alichoniambia, nikatuma. Jibu likaja, safari hii si la Kelvin bali la bosi wake: tunashukuru kwa taarifa, lakini mtoa huduma ya chakula si chanzo kinachotambulika, marekebisho yanahitaji chombo cha habari au taasisi.

Nililisoma jibu hilo nimesimama jikoni, na maziwa yakafurika motoni nisiyaone. Mtu aliyeona kwa macho yake si chanzo. Mtu aliyesimuliwa kwa simu, akasimulia vibaya, ni chanzo, kwa sababu ana gazeti. Hasira niliyoipata siku ile sijawahi kuirudisha mahali ilipotoka.

Ningeweza kukaa nayo kimya kama mstari ungebaki kwenye ramani tu. Lakini wazee walikuwa wamekwenda mahakamani kudai njia yao ya maji, na wakili wa mwekezaji akaomba zuio: wasikaribie uzio mpaka kesi iishe. Hakimu akauliza kama kuna ushahidi kwamba watu hawa ni hatari. Wakili akatoa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye tovuti yetu. Mstari wetu. Akasema, hii si kauli ya mteja wangu, mheshimiwa, hii ni taasisi huru ya takwimu, haina upande. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Nilimwona Mzee Gidamis amekaa mbele, mikono yake haina pa kukaa, mara mapajani, mara kwenye benchi. Zuio likatolewa.

Hapo ndipo nilipoacha kuandika barua na kuanza kufanya fitina. Nilimpigia binti mmoja ninayemfahamu, mtangazaji wa redio ya hapahapa, nikamwambia nina mama ana habari. Mama Happy alikataa mara ya kwanza, akasema ana watoto na biashara yake iko getini kwa hao hao watu. Sikumlaumu. Siku kadhaa baadaye alinitumia ujumbe: twende, lakini tuwahi kurudi, nina unga umeumuka. Akakaa mbele ya kipaza sauti amefunga kitenge chake cha kanisani, akasema yaleyale aliyoniambia mimi, neno kwa neno.

"Walikunywa chai," alisema. "Mtu anayekuja kupigana hanunui maandazi, halafu akauliza kama kuna sukari ya kuongeza. Na fimbo zilikuwa chini. Mimi nilikuwa naziruka nikipeleka vikombe."

Kelvin alinipigia kabla kipindi hakijaisha, sauti imejaa furaha ya kweli. "Mama, shikamoo. Sasa tuna chanzo."

Mwanamke yuleyule. Maneno yaleyale. Tofauti ilikuwa waya wa kipaza sauti. Nilitaka kumtukana Kelvin, lakini mtoto alikuwa ameshakaa anaisikiliza redio yetu kupitia simu yake huko Dar kwa ajili yangu, kwa hiyo nilimwambia marahaba na kukata. Yeye hakuutunga ule mwongozo. Walioutunga hawajawahi kuruka fimbo na kikombe cha chai mkononi.

Mstari ulirekebishwa kwenye toleo lililofuata: maandamano ya amani, waandamanaji hawakuwa na silaha, walitawanywa kwa nguvu. Nikauchapa, nikampelekea wakili wa wazee, naye akaupeleka mahakamani. Wakili wa upande wa pili akasema karatasi yake ilikuwa sahihi siku ilipochapwa. Na ni kweli, ilikuwa sahihi siku ilipochapwa. Zuio likabaki. Ng'ombe mpaka leo wanazunguka kilima kizima kufika majini, na walio dhaifu hawafiki.

Sasa nasikia ninyi mmeletewa mashine inayosoma magazeti yote ya nchi kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta miwani. Inayapa matukio aina, inaweka vidoti, ninyi mnakagua tu. Hongereni. Haitakwenda msibani Dareda, haitachoka, haitanywa chai mbovu. Itasoma gazeti lile, itaona maneno silaha za jadi, na itafanya alichofanya Kelvin, haraka zaidi, na haitakuwa na mtu wa kuipigia simu na kuiita mwanangu. Mnaokagua ni ninyi. Mkibonyeza "sawa" kwa sababu ni saa ya kutoka, msije mkaniambia mashine ilikosea.

Mwaka huu nilikwenda kwa Mzee Gidamis kumwambia habari za marekebisho. Nilikuwa nimechelewa kwenda, kwa sababu sikujua niseme nini, na nilikuwa nimebeba ile karatasi mpya kwenye bahasha safi kama cheti cha shule. Alikuwa amekaa nje ya boma lake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Deo. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Mzee, nimekuja na habari njema. Kwenye kompyuta yetu, siku ile getini, tumebadilisha. Sasa imeandikwa hamkuwa na silaha. Dunia nzima inaweza kuona."

Akafikiri. "Dunia nzima."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hakimu?"

"Hakimu bado."

"Na fimbo yangu?"

Nilimwambia iko kituoni na nyingine, kwamba nimeuliza, kwamba wanasema vielelezo havitoki bila amri. Akatikisa kichwa polepole, hakuonekana kushangaa. Nikamwuliza kwa nini hajachonga nyingine, miti haijaisha.

"Nikichonga nyingine wataniona nayo," akasema. "Watasema yule mzee amerudia."

Mke wake akaniita ndani nikachukue maziwa. Mzee akataka kunisindikiza mpaka mlangoni, maana ndiyo adabu, na mimi nikamwambia akae, asiinuke, lakini akainuka. Akanyoosha mkono nyuma ya kigoda chake akatoa mpini wa jembe, uliovunjika kichwani, mfupi mno kwake, akauegemea akiwa amepinda mgongo. Hatua mbili akasimama. Akaunyanyua kidogo kuelekea kwangu, akiniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza fundi:

"Mama Deo, na hiki huko kwenu kinaitwaje?"

Maisha yangu yote kazini nimeyapa mambo majina. Niliingia ndani nikachukua maziwa, nikarudi nyumbani. Sasa kazi ni yenu. Mjibuni ninyi.